Inshirah na Mdomo wa Mumewe

Mimi miguu ya shemeji yangu Shazli nimeiona kwa macho yangu haya, na mpaka leo nikiikumbuka tonge halinipiti kooni. Kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, moja imeng'oka nusu inaning'inia. Visigino vimepasuka, malengelenge yametumbuka yanatoa maji ya njano, na katikati ya mapaja ngozi imechubuka kwa kusuguana. Kila jioni dada yangu Inshirah alikuwa anapiga magoti mbele ya uchafu ule na kuupaka mafuta ya mkia wa kondoo, yale ya kuyeyusha, ambayo harufu yake ikishaingia nyumbani haitoki.

"Dada, huoni kinyaa?" nilimuuliza.

"Naona."

"Sasa unafanya nini hapo?"

"Ninapaka mafuta, Wagida. Asipokimbia, nimeachwa."

Ngoja nieleze, maana mtu akisikia hivi atadhani sote tumerukwa na akili.

Shazli ni mlinzi wa makaburi ya wafalme huku kwetu, ng'ambo ya magharibi ya Luxor, Misri. Kazi yake ni kukaa kwenye kiti cha mbao mlangoni mwa kaburi, funguo mkononi. Mtalii akija anasimama, mtalii akiondoka anakaa. Amefanya hivyo tangu alipooa, na tumbo lake linatoa ushahidi. Si mtu mbaya. Hajawahi kumwinulia dada yangu mkono, na mama yetu alipougua ni yeye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye kivuko. Nasema haya kwa sababu ni haki yake, si kwa sababu nampenda. Ubaya wa Shazli ni mmoja tu, nao uko chini ya pua yake.

Wanaume wa kwetu wana ugonjwa wa kuapia talaka. Mtu akija kwako saa ya chakula, halafu akasema ahsante nimeshiba, mwenye nyumba haridhiki kumshika mkono na kumbembeleza. Anafoka mbele za watu: "Talaka juu yangu, hutoki hapa bila kula!" Maana yake, mgeni akitoka bila kula, mke wa mwenye nyumba ameachika. Mke mwenyewe yuko jikoni anamenya vitunguu, hana habari kwamba ndoa yake imeshawekwa kwenye sinia pamoja na wali. Wanaume wanauona huo ndio ukarimu. Ptuu! Mimi nauona ni ulevi wa watu wasiokunywa pombe.

Shazli alikuwa fundi wa viapo hivyo. Talaka ya kwanza ilimtoka kwa ajili ya mgeni aliyeapiwa lazima ale bata, kumbe maskini tumbo lilikuwa linamwendesha, akakimbilia kwake bila kuonja hata mchuzi. Ya pili ni aibu kuisimulia. Aligombana na jirani akaapa talaka hatakanyaga ua wake, halafu siku moja batamzinga wao akaruka ukuta, na Shazli huyo nyuma yake. Alipokumbuka alikuwa katikati ya ua wa jirani, batamzinga kwapani. Sheikh Rifai wa msikiti wetu alisikiliza, akavuta ndevu, akasema, "Imepita." Mara zote mbili Inshirah alirudi kwetu na furushi lake la nguo, akakaa eda, na kabla eda haijaisha Shazli akaja analia akamrejea. Wasomi wa mjini wanasema kiapo kama hicho hakimwachi mke kama mume hakukusudia. Haya, waje wawaambie watu wa kwetu. Huku tunafuata Sheikh Rifai, na Sheikh Rifai anahesabu.

Kwa hiyo ilibaki moja. Na ya tatu, kila mtu anajua, haina kurejeana.

Ile ya tatu aliitoa mkahawani. Badri, anayekodisha punda kwa watalii, ndiye aliyenisimulia, tena anacheka, mshenzi yule. Walikuwa wanazungumza habari za mbio ndefu za wazungu ambazo kila mwaka majira ya baridi zinapita kwetu, toka mbele ya hekalu, zinafuata mfereji, zinazunguka mashamba ya miwa na vijiji vyote, zinarudi hekaluni. Mwaka uliopita bibi mmoja wa kizungu, mvi kichwa kizima, alipita mbele ya Shazli anakimbia, akampungia mkono.

"Bibi mzima yule anakimbia, na wewe umekaa kitini kama gunia la mtama," Badri akamwambia.

"Ningetaka ningekimbia."

"Wewe? Wewe ukikimbia tumbo litafika leo, mwenyewe utafika kesho."

Mkahawa mzima ukacheka. Shazli akasimama, uso umemwiva, akapiga meza. "Talaka juu yangu kwa Inshirah, na mnajua ni ya tatu! Mbio zijazo nitazikimbia kwa miguu yangu mwanzo mpaka mwisho, na nitaivuka kamba ya mwisho kabla hawajafunga mbio!"

Hapo, nasikia, waliokuwa wanavuta buruma waliiondoa mdomoni. Halafu, kwa sababu ni wanaume, wakaagiza chai nyingine.

Inshirah hakuambiwa na mumewe. Aliambiwa na wanawake kwenye foleni ya mkate. Alikuja kwangu moja kwa moja na mikate yake kichwani, hakuitua hata.

"Muache akuache!" nilimwambia. Mimi ni mjane, sina wa kunifunga mdomo. "Kwani utakufa? Njoo ukae na mimi hapa."

"Niachwe kwa ajili ya bibi wa kizungu, Wagida? Niachwe kwa mzaha wa Badri?" Sasa ndipo alipoitua mikate. "Ridha binti yangu ana mimba. Wakwe zake watasema mama yake ameachwa mkahawani kama kikombe kilichosahauliwa. Hapana. Kama nitatoka katika nyumba ile, sitatoka hivyo."

Basi akaamua mumewe atakimbia. Na mtu akiamua, sharti afanye kazi, na kazi yote ikawa yake. Alfajiri alimwamsha. Akamshonea suruali nyepesi, maana mwanzoni alikuwa anakimbia na kanzu ameipandisha mpaka kiunoni, mbwa wa kijiji kizima wanamfuata. Akamnywesha uwatu uliochanganywa na mayai mabichi, kwa sababu mtu fulani alisema unatia nguvu. Yarabi! Nani asiyejua uwatu unavyotoka na jasho? Shazli akawa ananuka kutoka mlango wa mbele mpaka chumba cha nyuma. Shuka zinanuka, mito inanuka, hata mkate uliokaa karibu naye ulinuka. Anarudi kutoka mferejini anapumua kwa mdomo wazi, kamasi zimegandia kwenye masharubu, anajitupa kwenye mkeka wa kulia chakula na miguu ile ya ajabu ameinyoosha. "Mama Ridha, maji!" Inshirah alileta maji. Mimi nilikuwa natoka nje.

Tumbo lilipungua, siwezi kumdhulumu. Mdomo haukupungua. Alikaa mkahawani akisimulia alivyokimbia hadi daraja la pili na kurudi, utadhani amekomboa nchi.

Siku yenyewe ikafika. Kulikuwa na baridi, ukungu umelala juu ya mfereji, na kwa sababu ni msimu wa kuvuna miwa, walikuwa wanachoma majani mashambani na masizi meusi yanaanguka kila mahali. Tulikuwa tumemkodi Samwil na bajaji yake atupitishe kwa njia za mashambani, ili tumkute Shazli mahali baada ya mahali. Samwil ni Mkristo wa Kikopti, mtu mnene, mwingi wa maneno.

"Mama Ridha," alisema tulipopanda, "mngekuwa wa kanisani kwetu wala msingesumbuka. Sisi hakuna kuachana. Tunachokana vizuri tu mpaka kaburini."

"Endesha gari, Samwil," dada yangu akasema, lakini alitabasamu kidogo.

Mahali pa kwanza tulisimama darajani. Wakaanza kupita wale wembamba wenye mbio zao, halafu wale wa kati, halafu kundi. Jamani, mbio zikiwa mbali ni kitu cha kupendeza. Zisogelee. Watu wazima wanatema mate bila kugeuza kichwa. Mmoja anabana tundu moja la pua na kupuliza la pili, kamasi zikaruka hadi kwenye pindo la abaya yangu. Wengine wanafyonza vifuko vya uji wa kunata, wanavitupa chini, kiatu kinanasa. Wanaume wanne wamepanga mstari wakikojolea ukuta wa Hajjati Sabra, naye yuko dirishani anawalaani mmoja mmoja. Na watu wanapiga makofi!

Shazli akatokea nyuma ya wote hao, mwekundu, masizi yamemganda usoni kwenye jasho. Inshirah akasimama juu ya kiti cha bajaji, akatoa vigelegele. Vigelegele vya dada yangu vinajulikana pande zetu, hakuna harusi inayofanyika bila yeye. Watu wakatoka majumbani wanauliza, "Harusi ya nani?"

"Ya Shazli na kamba!" Samwil akajibu.

"Baba Ridha! Simba wangu! Usisimame!" Inshirah alipiga kelele. Shazli akainua mkono, akanyoosha kifua, akakimbia kama mtu. Alipokata kona dada yangu akaketi. Aliifuta midomo yake kwa ncha ya mtandio, akaifuta tena.

"Simba," nikasema.

"Nyamaza, Wagida."

Mahali pa pili, kwenye reli ya kubebea miwa, alikuwa anachechemea. Mahali pa tatu tulimkuta ameinama anatapika. Mtu wa duka la maji ya miwa alikuwa amemshawishi anywe glasi, yeye akanywa tatu kwa sababu kukataa ni aibu. Yote yalitoka, ya kijani, na uwatu wake na mayai yake, juu ya viatu, juu ya suruali aliyoshonewa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga bajaji. Inshirah alimwendea. Akamshika paji la uso kwa kiganja, akamfuta mdomo kwa mtandio wake mwenyewe, akamnyanyua.

"Siwezi," Shazli akasema.

"Unaweza."

"Tumbo limegeuka, Mama Ridha. Labda Sheikh Rifai anaweza kutafuta njia..."

"Sheikh Rifai hana njia. Njia ni hii hapa chini. Ikanyage."

Akaikanyaga. Dada yangu akaja kwenye bajaji ananuka matapishi ya mtu mwingine, akatoa kichwa nje na kuanza tena vigelegele, kijiji hadi kijiji, mpaka sauti ikawa inakwaruza. Mimi nilikuwa namwangalia tu. Nilikuwa na hasira hadi meno yananiuma.

Sasa sikilizeni la Abulwafa, binamu yake Shazli.

Kijiji cha mwisho kabla ya barabara ya hekalu ndiko anakokaa Abulwafa. Alikuwa amesimama katikati ya njia, kilemba kipya, sinia la chai mkono mmoja, mkono wa pili ameutanua. Nyuma yake benchi limetandikwa zulia. Sisi tulikuwa tumeshafika, tumesimama pembeni. Shazli akaja anajikokota, mbio zilikuwa zinafungwa adhuhuri na jua lilikuwa limeshapanda kweli.

"Binamu! Karibu! Kaa, pumzika, unywe chai!"

"Nisamehe, Abulwafa, siwezi kusimama."

"Upite mlangoni kwangu bila chai? Watu watasemaje?" Na kabla mtu hajasema neno, akabwata: "Talaka juu yangu, hupiti hapa mpaka ukae kwenye benchi hili na uimalize glasi hii!"

Shazli akasimama wima. Watu wote wakasimama. Maana hesabu ilikuwa wazi: asipokaa, mke wa Abulwafa ameachika. Akikaa, akichelewa, mke wake mwenyewe ameachika. Na hawa wanaume wawili wanatazamana, wamependeza, kila mmoja anamsubiri mwenzake aonyeshe uungwana. Nilitamani kuwatapikia.

Ndipo nilipomwona mke wa Abulwafa. Alikuwa nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, mtandio ameung'ata kwa meno, mkono mmoja una unga mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa hatazami wanaume. Alikuwa anamtazama Inshirah, na Inshirah alikuwa anamtazama yeye. Hakuna kati yao aliyeonekana kushangaa.

Dada yangu alivuka njia. Akamshika Shazli mabegani, akamkalisha kwenye benchi, puu! Akachukua glasi ya chai, akamimina maji ya baridi ya mtungi ndani yake hadi ikamwagika, akaitia mdomoni mwa mumewe, akamshika kidevu kama unavyomnywesha mbuzi dawa. Akanywa yote. Kiasi kikampitia puani. Akamnyanyua na kumsukuma mgongoni.

"Amekaa, amemaliza," akamwambia Abulwafa. "Nenda ndani ukamsaidie mwenzio kukanda unga."

Watu wakacheka sana. Abulwafa naye akacheka, akajipiga paja, akaona ni mchezo mzuri kabisa.

Barabara ya mwisho ni ndefu na haina kivuli. Bajaji ilizuiwa, kwa hiyo Inshirah akashuka akawa anatembea haraka ukingoni, sambamba na mumewe, abaya ameikusanya mkononi. Nami nyuma yao nahema. Shazli alikuwa analia. Simaanishi machozi ya jua, analia kwa sauti, na damu imepenya kwenye kiatu cha kulia.

"Nisamehe, Mama Ridha. Nimekufanyia vibaya."

"Kimbia kwanza. Utalia ukifika."

"Nikifika, huu ulimi, wallahi, sitauachia tena. Sitakuapia tena maishani. Wewe ni kichwa changu. Bila sauti yako ningekuwa nimeshalala shambani."

Nilimwona dada yangu uso ukilegea. Tangu foleni ile ya mkate sikuwa nimemwona hivyo. Alinyoosha mkono, akamgusa bega lile la jasho, bila kukunja pua. "Nimekusikia," akasema. "Twende, Shazli. Pale, unaiona kamba? Twende." Alimwita kwa jina lake, kitu ambacho hafanyi mbele za watu. Na Shazli akainua magoti. Kweli nawaambia, hata mimi nilijikuta napiga kelele.

Akavuka. Muadhini wa adhuhuri hajafungua kinywa bado. Inshirah akatoa kigelegele kimoja kirefu, sauti ikamkatikia katikati, akakaa chini kwenye vumbi akifunika uso. Alikuwa anacheka na kulia. "Nimebaki, Wagida," ananiambia. "Nimebaki na nyumba yangu."

Nilikuwa nimemshika mkono wakati mambo yalipotokea, kwa hiyo nilihisi.

Shazli alikuwa amezungukwa. Wamemfunika blanketi, wamemvisha kimedali chake cha shaba shingoni. Mkahawa mzima ulikuwepo. Badri akamkumbatia, akambusu mashavu yote mawili, akasema mbele ya watu, "Nimekosa, wewe ni mwanamume." Halafu akasema, "Haya, pumzika ndugu yangu, sisi tunakwenda."

"Mnakwenda wapi?" Shazli akasema. Sauti imemrudi, kifua kimemrudi. "Siku kama ya leo mnakwenda wapi?"

"Utakuwa umechoka, bwana. Siku nyingine."

"Siku nyingine? Talaka juu yangu kwa Inshirah, leo wote mtakula kwangu! Bata, na mlenda wa mulukhiya, na wali, tena upishi wa mkono wake mwenyewe, kabla ya magharibi!"

Wakashangilia. Wallahi, walishangilia. Mmoja akasema, "Huyo ndiye Shazli!"

Mkono wa dada yangu ulikuwa umelegea ndani ya wangu. Sikuthubutu kumtazama. Shazli mwenyewe hakuwa hata ameligundua neno lililomtoka, lilitoka kama mtu anavyocheua. Alikuwa anatupungia mkono sisi tuwahi jikoni.

Inshirah akasimama, akakung'uta vumbi. "Twende nyumbani," akasema.

Tulifika, Shazli akaletwa juu ya punda wa Badri, akaanguka kitandani na viatu vyake akalala, anakoroma, chumba kizima kinanuka. Bata walikuwa uani wanatembea. Nilichukua kisu. "Nishikie yule mkubwa," nikasema, "mimi nitachinja, wewe weka maji jikoni. Bado tuna wakati."

"Weka kisu, Wagida."

"Dada, magharibi..."

"Nimesikia. Weka."

Alichota maji, akaingia bafuni, akaoga muda mrefu sana. Nilimsikia anajisugua mikono. Akatoka amevaa gauni safi, amechana nywele, akakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kuweka viganja juu ya magoti. Jiko lilikuwa baridi. Nilianza kuelewa, nikakiweka kisu chini.

Wageni wakaja alasiri imesogea, wakakaa barazani wanazungumza kwa furaha. Shazli aliamka akawaendea anachechemea, akawapokea, wakasubiri. Mwishowe akaja uani. Akaona bata. Akawahesabu kwa macho. Akaona jiko.

"Mama Ridha. Chakula kiko wapi?"

"Hakuna."

"Vipi hakuna? Wageni wamekaa."

"Umewaambia watakula upishi wa mkono wangu." Akageuza viganja juu. "Mkono wangu ndio huu. Haupiki."

Alicheka kwanza. Halafu nikaona kicheko kinavyomtoka usoni kidogo kidogo, na chini yake pamekuwa peupe. Ndipo alipolikumbuka neno lake. Mpaka saa ile hakuwa amelikumbuka, mniamini.

"Inshirah, ulimi uliteleza."

"Najua."

"Hata mayai. Kaanga mayai tu, wale tonge moja moja, jua bado..." Alijiangusha magotini, kwa miguu ile, akalia kwa uchungu. "Wewe uliyenikimbiza leo njia nzima! Kwa nini ulinikimbiza, basi?"

"Kwa sababu nilikuwa naitaka nyumba yangu. Nilikufuta matapishi kwa mtandio wangu, Shazli. Nimepoteza sauti. Ulikuwa umeshaniokoa, na hata jasho halijakauka umeniweka tena mezani, kwa ajili ya bata."

"Nakuapia, Mama Ridha! Nakuapia sitaapa tena!"

"Utaniapia kwa nini?" dada yangu akamuuliza. Hakufoka. Alikuwa anauliza kweli. "Umebaki na nini cha kuapia?"

Barazani wanaume walikuwa wanasikia kila kitu. Jua likashuka nyuma ya mlima wa makaburi, na muadhini akaanza. Inshirah akasikiliza adhana hadi mwisho, midomo yake inaifuatisha, kisha akainuka, akaingia ndani na kutoka na furushi la nguo. Alikuwa amelifunga wakati mumewe amelala. Akajifunika mtandio mwingine, ule safi.

Tukapita barazani katikati ya wageni. Badri alitazama viatu vyake. Nyuma yetu Shazli alijaribu kusimama atufuate, nikamsikia anaanguka, anajaribu tena, anaanguka. Mtu aliyekimbia tangu alfajiri hadi adhuhuri hakuweza kuuvuka ua wake mwenyewe. Inshirah hakugeuka. Tulitembea polepole hadi kwangu, kwa sababu na yeye miguu ilikuwa inamuuma.